Mgongoni si Mahali pa Mtoto Majini

Natacha alifua nguo akiwa na mwanawe mgongoni. Alipika naye mgongoni. Aliuza vitenge sokoni Gikondo naye mgongoni. Mtoto huyo, Ishimwe, alikuwa na miezi kumi, na alikijua vizuri kisogo cha mama yake kuliko uso wake.

Ijumaa moja Natacha alimuaga jirani yake, mzee Kamanzi. Kamanzi alichomelea vyuma gereji, lakini ujanani alikuwa baharia wa meli huko Mwanza.

"Kesho naenda Rusizi, mzee. Bibi yake hajamwona Ishimwe. Tutapanda meli ya ziwani kutoka Rubavu."

"Vizuri. Meli ikizama utafanya nini?"

"Yesu! Unanitakia mabaya?"

"Nauliza tu, Mama Ishimwe."

"Nitavaa jaketi okozi. Mtoto mgongoni, jaketi juu yetu wote. Basi."

Kamanzi aliingia jikoni kwa Natacha bila hodi, akatoka na viazi vitamu viwili. Kile kidogo alikifunga kwa kitambaa mgongoni mwa kikubwa. Tumboni mwa kikubwa alifunga chupa tupu ya maji. Kisha, kwa uso wa askofu anayebatiza, akavitia vyote katika beseni la kufulia.

Chupa ilielea. Kiazi kikubwa kililala chali. Kidogo kilikuwa chini yake, ndani ya maji.

"Mama anatazama mbingu," alisema Kamanzi. "Mtoto je?"

Natacha alikuwa akiucheka mchezo huo; sasa aliacha kucheka.

"Jaketi humlaza mtu chali," Kamanzi aliendelea. "Kwa hiyo mtoto avae jaketi lake dogo. Liombe kabla meli haijaondoka. Hatari ikija, mfungue mgongoni, mshike kifuani, uso juu. Mizigo iache. Usijifiche ndani. Panda juu, uwasikilize mabaharia. Haya, rudia."

"Nimesikia, mzee."

"Kusikia si kujua. Rudia."

Akarudia mara tatu.

Kesho yake, mchana kweupe, meli iligonga mwamba. Maji yakaingia kwa chini. Honi ikalia.

"Vaeni jaketi! Wote juu! Wenye watoto mbele!" baharia alipaza sauti.

Natacha alikuwa ameomba jaketi dogo tangu bandarini, abiria wakamcheka. Sasa hakuna aliyecheka. Mikono yake, kwa mazoea, ikampeleka Ishimwe mgongoni. Akashtuka. Akavaa jaketi lake, akamrudisha mtoto kifuani, akamvalisha lile dogo, akakaza kamba.

Kando yake, mama mmoja aitwaye Raihana alikuwa amevaa jaketi juu ya mtoto wake aliyekuwa mgongoni.

"Mteremshe, dada!" Natacha alimwambia.

"Wapi! Nitajishikiza kwa mikono gani?"

"Mikono ni ya kumshika yeye! Utaelea chali, naye atakuwa chini yako!"

Raihana alitoa macho. Akavua jaketi, akalifungua fundo la mbeleko kwa meno. Baharia akamletea jaketi dogo.

Walipokuwa wakiteremkia boti ya kuokolea, meli iliinama ghafla ikawamwaga majini. Natacha alizama, akaibuka chali. Kifuani pake kulikuwa kimya.

"Ishimwe! Ishimwe, sha, mwanangu!"

Mtoto akatema maji. Akavuta pumzi. Akalia kwa hasira kubwa.

Boti iliwaokota, Raihana na mwanawe pia. Vifurushi vyote vilikwenda chini pamoja na meli.

Ufukweni, wale watoto wawili walipiga kelele hata watu hawakusikilizana. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.