Mashine ya Mpunga Iliponyamaza

Kila alipotoka shuleni siku ya soko, Apolline alijitwika kikapu cha mpunga na kuupeleka kwenye mashine ya kukoboa, pale Kasongo, nchini Kongo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na aliipenda sana mashine ile. Mpunga uliingia juu, mchele mweupe ukatoka chini, naye akarudi nyumbani bila jasho. Tangu mashine ije, wanawake wa mtaa wao walikuwa wamepasua vinu vyao wakavifanya kuni. Jirani yao, Mama Faida, ndiye peke yake aliyeendelea kutwanga.

"Mama Faida, hauchoke?" Apolline na wenzake walimcheka wakipita.

"Kuchoka ninachoka," alijibu, asiache kutwanga.

Kisha vita vikawaka Ulaya. Mazutu, yaani mafuta ya kuendeshea mashine, yalitoka ng'ambo kwa meli, na sasa meli zikawa chache. Kidogo kilichofika kilipewa migodi ya dhahabu. Siku moja Apolline alikuta mlango wa mashine umefungwa kwa mnyororo.

"Rudisha mpunga wako, mutoto," mlinzi alimwambia. "Mazutu haiko."

Mwenye mashine, aliyekuwa akinunua mpunga wa wakulima, akaacha kuununua, lakini serikali ya Wabelgiji haikuacha kudai kodi. Zéphirin, baba yake Apolline, alikuwa amelazimishwa na serikali hiyo kulima mpunga kama wakulima wenzake. Sasa ghala lilijaa, na mkononi hana pesa ya kodi. Askari walikuja asubuhi, wakamfunga kamba na kumpeleka gerezani mbele ya watoto wake.

Nyumbani, Emile, mdogo wake Apolline, alilia njaa kando ya magunia ya mpunga. Mama yao, Régina, alijaribu kuuponda juu ya jiwe, ukavunjika na kuchanganyika na mchanga.

"Nenda kwa Mama Faida, uombe kutwanga," alisema.

"Mama, mimi nilimucheka."

"Basi anza kwa kuomba radhi."

Apolline alikuta ua umejaa wanawake wanaongoja zamu. Akapiga magoti. "Nisamehe, Mama. Nilikucheka."

Mama Faida hakutabasamu. "Mulicheka wengi, na leo wote muko hapa. Simama, shika muchi."

Apolline alitwanga hadi malengelenge yakapasuka viganjani. Akiwa bado anatwanga, lori lilipita barabarani likielekea migodini Kabambare, limejaa mapipa ya mazutu.

"Kumbe mazutu iko!" alishangaa.

"Iko," alijibu Mama Faida. "Lakini haiko yetu."

Zéphirin alirudi kutoka gerezani amekonda, akikohoa. Sehemu kubwa ya mpunga wake ilikuwa imeoza ghalani. Alikata gogo, Apolline akalishikilia, naye akachonga kinu. Jioni kilipokamilika, walikula wali wakashiba.

"Baba, mashine ni mubaya?" Apolline aliuliza.

"Hapana, mutoto wangu. Mashine ilitupunguzia kazi. Kosa letu ni kutupa nguvu yetu wenyewe, tukangoja pipa linalotoka mbali. Mwenye pipa alipolifunga, tukafungwa sisi. Ukipata kitu cha kukusaidia, kitumie, lakini usisahau kazi ya mikono yako. Na usimucheke anayeifanya."

Alikohoa tena, na kulipokucha akachukua jembe lake. Msimamizi wa kilimo wa serikali alikuwa amekwisha kumpimia shamba jingine la mpunga, kubwa kuliko la kwanza.