Kijiko cha Mbegu ya Mtindi

Minal anakaa Tanga mjini, ghorofa ya juu, na baba, mama na Dadima. Dadima ni bibi yake. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata muuza mkaa.

Kila jioni Dadima huchemsha maziwa. Yakipoa kidogo, huchovya kidole. Vuguvugu! Basi, yako tayari.

Hutia kijiko kimoja cha mtindi wa jana. Hiyo ndiyo mbegu. Bila mbegu, maziwa hayagandi.

Kisha hulifunika bakuli kwa kanga na kuliimbia:
"Lala, bakuli, lala.
Kesho utupe mtindi."

Asubuhi, kweli! Mtindi mweupe, mzito, unatikisika. Tiki-tiki, tiki-tiki.

Mbegu hiyo Dadima alipewa na mama yake, zamani sana. Mama yake hayupo tena. Mbegu ipo. Kila siku Dadima hubakiza kijiko kimoja cha mtindi mpya kwenye kikombe kidogo cha bati, na hakuna anayekigusa.

Jioni moja, Minal alikula wali akashiba. Tumbo lilishiba, lakini mdomo, wapi! Akafungua friji.

Akala mtindi wote wa kwenye bakuli. Mmm! Akaona kikombe cha bati. Mmm, mmm! Akala na ule. Akalamba kijiko, mbele na nyuma.

Haukupita muda.
Guru-guru-guru!
"Tumbo, tumbo, una nini?" akauliza Minal.
Guru-guru-guru!

Dadima akaja mbio na kandambili zake. Pata-pata-pata.
"Umekula nini, beta?" Beta ni mwanangu, kwa lugha ya Dadima.

"Mtindi," Minal akasema kwa sauti ndogo. "Wote. Na mbegu."

Dadima akafungua friji. Akakishika kikombe kitupu.

"Mbegu ya mama yangu," akasema. Machozi yakamlengalenga. Minal alipoyaona, akalia kwa nguvu. Tumbo lilimuuma, na moyo ukamuuma zaidi.

Dadima hakumgombeza. Alimpa maji ya moto yenye tangawizi. Akampakata, akamsugua tumbo taratibu, duara, duara, duara.

"Pole, beta. Sisi tuna elimu ya zamani ya kutunza mwili. Inaitwa Ayurveda. Inasema tumboni kuna moto mdogo wa kupikia chakula. Mchana unawaka. Jioni unasinzia."

"Na mtindi?"

"Mtindi mzito jioni ni kama kuni mbichi. Moto wako mdogo unahangaika."
Guru, likajibu tumbo. Gu. Kisha likanyamaza.

Kulipokucha, maziwa yalikuwepo. Mbegu haikuwepo.
"Tutanunua mtindi dukani," Dadima akasema. Lakini sauti yake haikuwa na furaha.

Minal akachukua kikombe cha bati. Akashuka ngazi, tap, tap, tap, mpaka kwa Bi Mwanaidi, jirani wa chini.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu?"

Minal alitaka kukimbia. Hakukimbia.
"Nimekula mbegu ya mtindi ya Dadima. Imekwisha. Dadima amelia."

Bi Mwanaidi akamvuta karibu.
"Imekwisha? Nani kasema? Ulipozaliwa wewe, bibi yako alinipa kijiko kimoja. Kila siku nagandisha kwa mbegu ile ile!"

Dadima hugawa vitu vingi. Hakumbuki vyote.

Bi Mwanaidi akachota kijiko kimoja. Pwa! Kikaingia kwenye kikombe.

Minal akapanda ngazi polepole, mikono miwili juu ya kikombe.
"Dadima! Ni mbegu ya mama yako! Ilikuwa kwa Bi Mwanaidi!"

Dadima akaonja kidogo sana. Akafumba macho. Akamkumbatia Minal, na kikombe katikati.

Siku hiyo maziwa yakalala kwenye kanga.
"Lala, bakuli, lala.
Kesho utupe mtindi."

Kesho yake mchana, Dadima akautia mtindi maji. Akatia bizari nyembamba iliyokaangwa, tangawizi, na chumvi kidogo. Minal akashika mpekecho, akauzungusha kati ya viganja.
Chwa-chwa-chwa!
Povu likapanda mpaka puani kwake.

Wakanywa pamoja.
"Tumbo, tumbo, una nini?"
Tumbo kimya. Lilikuwa limefurahi.

Jioni Dadima akaweka mbegu kwenye kikombe cha bati. Minal akaleta kikombe cha pili.
"Hiki cha nani?"
"Cha Mama Felista wa ng'ambo ya barabara. Na kesho tumpe muuza mkaa."
"Kwa nini wengi hivyo?"
"Labda nitajisahau tena, Dadima."

Dadima akacheka mpaka akashika mbavu. Akajaza kikombe cha pili, na Minal akakipeleka mwenyewe kabla ya kwenda kulala.