Ampli ya Mogesi

Ampli iliwaka kabla ya kuchomekwa.

Vedasto, fundi redio wa Mugumu, aliutazama waya wa ampli uliolala mezani kibandani kwake, akajichekesha. "Shemeji, hii inakula umeme wa nani?"

"Si wewe fundi?" alisema Wegesa, mjane wa mpiga gitaa Mogesi. "Wiki nzima inanguruma nyumbani. Fungua."

Ampli ya vali ni mashine ya kizamani. Vali zake, vioo mfano wa balbu, hupashwa moto kwanza mpaka ziwe nyekundu, ndipo mtetemo mdogo wa gitaa upate nguvu ya kutikisa spika. Umeme wake mkali hujificha ndani ya kapasita hata ukichomoa waya. Fundi asiyeutoa kwanza huzikwa. Mogesi alizikwa mwaka jana. Ofisi husika ilichunguza mpaka posho ilipokwisha, ikaandika kwamba marehemu "alizidiwa na muziki", ikagonga muhuri.

Vedasto akagusisha kapasita na bodi kwa bisibisi. Cheche ikaruka. Akapima: sifuri. Kisha mshale wa mita ukaanza kupanda wenyewe.

Akautoa tena umeme. Mshale ukapanda juu zaidi.

"Inapumua," akanong'ona.

"Inaongea pia. Sikiliza."

Harufu ya nyama iliyoungua ikajaa kibandani, na kutoka kwenye spika ikaja sauti ya Vedasto mwenyewe, yenye utani: "Shika tu, Mogesi. Umeme nimeshautoa."

"Shemeji... ilikuwa bahati mbaya."

"Na matanga hayajaisha ukaniletea habari za kunioa. Hiyo nayo bahati mbaya?"

Alitaka kukimbia, lakini redio mbovu zote za rafuni, zisizo na betri wala waya, zilianza kunong'ona shika tu, shika tu, na mlango wa bati ukatetemeka ukitoa cheche za buluu, na vioo vya ampli vikazidi kuwa vyekundu kama macho ya mtu aliyelia usiku kucha, mpaka Vedasto akaruka juu ya kigoda chake cha mti mkavu, akakunja miguu, akijua kwamba hapo tu umeme haumfikii.

Wegesa, pekupeku, akausukuma mlango kwa kiganja. Haukumdhuru.

"Usiniache, shemeji!"

"Hata mimi niliachwa," alisema kwa upole, akatoka.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Maji yakapenya chini ya mlango, yakatambaa sakafuni taratibu, yakaanza kulowesha miguu ya kigoda.