Upande Wangu Mbaya

Mkanda wa msasa ulinikatikia jioni, giza likianza kuingia, nikiwa na kisu cha jikoni mkononi kimefika nusu. Ulipasuka kwa kishindo ukanichapa kwenye aproni. Mama akapaza sauti kutoka ndani.

"Umekufa?"

"Bado!"

"Basi njoo ule."

Sikwenda kula. Mtu anayetengeneza visu kwa mapenzi yake tu, bila kulipwa na mtu, ndiye mbishi kuliko wabishi wote. Mchana mimi ni fundi cherehani. Napima viuno vya watu, nasikiliza uongo wao kuhusu viuno hivyo, nashona. Jioni nafunika cherehani, nakwenda kibandani nyuma ya nyumba, nawasha mashine ya msasa. Majirani wanasema mwanamke na visu ni nuksi. Waseme. Vitunguu vyao wanakatia visu vyangu.

Nikatoka na aproni yangu hivyo hivyo, kwenda kununua mkanda mwingine kwa Mjomba Nati. Si mjomba wangu wa damu. Anauza vyuma chakavu na vifaa vya mafundi, na jina hilo alipewa kwa sababu hakosi nati mfukoni. Nilimkuta anafunga duka mbio mbio, yeye ambaye kwa kawaida hukaa dukani mpaka usingizi umfukuze. Alinipa mkanda bila porojo hata moja, akateremsha mlango, akaondoka bila kuniaga.

Nilipogeuka, palikuwa na mtu.

Mwanamume mrefu, shati kalifunga vifungo vyote hadi kooni. Ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwenye mfuko wa karatasi ya saruji. Nilitazama mikono yake kwanza, ndivyo tulivyo sisi. Mtu wa vyuma ana makovu, ana weusi chini ya kucha usiosikia sabuni. Huyu mikono yake ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

"Fundi," alinong'ona. "Nimeambiwa una mkono wa kuteremsha makali."

"Nani kakwambia?"

Alifungua mfuko. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma bapa, rangi ya jivu, kimenyooka... sijawahi kuona chuma kilichonyooka vile. Nilimeza mate, nasema kweli.

"Nitengenezee kisu. Ukimaliza pande zote mbili nitakuja kukichukua."

"Na nikikataa?"

"Hutakataa. Ila kifute kwanza."

Kila mtengeneza visu ana kitambaa cha kufutia mafuta na vumbi. Changu kilikuwa mfukoni mwa aproni. Nilikikata kwenye gauni kuukuu la mama, maana pamba iliyofuliwa miaka mingi inafuta kuliko kitambaa chochote kipya. Nikakifuta chuma kile kuanzia juu hadi chini, bila kuwaza. Ni mazoea, mkono unatangulia.

Yule mtu alitazama kitambaa. Akatazama chuma. Akatabasamu kidogo, akaondoka.

Sikusikia hatua zake.

Kesho yake, kazi za watu zilipokwisha, nilikibana chuma kwenye jiliwa nikaanza. Kisu ni mteremko, ule ubapa unaoshuka kutoka kwenye unene wa chuma hadi kwenye makali. Ukiukosea umeharibu kila kitu, kwa sababu chuma kilichosagwa hakirudi. Ndiyo maana kwanza unapaka wino mweusi ukingoni, halafu unachora mistari miwili myembamba, inayoandamana katikati, ili ujue kila upande uishie wapi. Kisha unaanza na upande wako mzuri. Kila mtu anao. Mimi upande wa kulia nausaga huku naimba, na wa kushoto unanitoa machozi.

Nikaanza na wa kulia.

Hakikutoa cheche.

Mtu wangu, chuma chote hutoa cheche. Kwa cheche ndivyo tunavyokijua kama ni kigumu au laini, cha springi ya gari au cha msumeno. Hiki kilikaa kwenye mkanda kimya. Na hakikupata moto. Mimi husaga bila glavu ili vidole viniambie joto likizidi, na vidole havikuniambia kitu. Nikakichovya kwenye ndoo kwa mazoea tu, hakikutoa hata "chss". Mkanda ulikuwa unalia kwa chini, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Halafu ikaja harufu. Si ya chuma. Harufu ya chumba cha mgonjwa, madirisha yamefungwa.

Mwenye akili angezima mashine. Mimi niliendelea, kwa sababu mteremko ulikuwa unatoka mzuri kuliko yote niliyowahi kusaga maishani. Umenyooka, hauna wimbi. Nilicheka peke yangu mle kibandani.

"Mwanangu..." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Umefungua dirisha gani? Nahisi baridi."

Hapakuwa na baridi. Mimi mwenyewe jasho lilikuwa linanitiririka. Nikazima, nikauacha upande wa kushoto kwa siku nyingine, kama ninavyouacha siku zote.

Mama hupenda nimsugue mgongo anapokoga, tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Jioni ile nilimwagia maji, nikapaka sabuni, nikasugua. Povu likashuka.

Mistari miwili.

Myembamba, myekundu, inaandamana katikati ya mgongo kutoka kisogoni hadi kiunoni.

"Mama, umejikuna na nini?"

"Mgongoni? Nijikune huko mkono utafika? We mtoto una vituko."

Akainua mkono wa kulia anirushie maji, na bangili yake ikateleza. Bangili ile ilikuwa haivuliki. Tulishajaribu sabuni, tukajaribu mafuta, mkono ulikuwa umeshiba. Sasa ilipita kwenye kiganja bila kugusa popote, ikadondoka kwenye beseni.

Kling'.

Hapo ndipo nilipoutazama mwili wake vizuri. Upande wa kushoto alikuwa mama yangu, mnene na mcheshi. Upande wa kulia bega limeshuka, paja limenywea, shavu limebonyea. Yeye mwenyewe alinyamaza. Mama kunyamaza ni jambo la kuogopesha kuliko yote niliyoyasema mpaka hapa.

Asubuhi nilimpeleka zahanati. Daktari akampima kila kitu, akasema hana ugonjwa, ale vizuri. Niliporudi nilikwenda kibandani moja kwa moja. Nilijua, ila nilitaka kujua kabisa. Nikachukua tupa ndogo kuliko zote nilizonazo, nikagusa kona ya chuma, upande ule ambao haujasagwa. Mara moja tu.

Krii.

"Yalaa!" Mama alipiga kelele kutoka jikoni. "Kidole! Damu inanitoka na sijashika kitu!"

Ilikuwa mkono wa kushoto.

Nililia. Nilikaa kwenye sakafu ya kibanda na vumbi la vyuma vyangu nikalia, kwa sababu upande mzima wa mama yangu nilikuwa nimeusaga mwenyewe, huku nacheka. Nilipomaliza kulia nilipata hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Nikamfunga mama kidole, nikaenda kwa Mjomba Nati.

"Mjomba, yule mtu wa juzi."

Aliangalia chini. "Alikuja kwangu kwanza. Nilikiangusha chuma chake sakafuni, hakikulia. Nikamrudishia."

"Ukajua bado yuko hapa nje, ukafunga duka ukaenda zako?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Ungeniambia!"

"Niliogopa," alirudia. Sikumpa hata kwaheri.

Jua lilianza kushuka. Nilisimama mbele ya ukuta wa vifaa vyangu. Tupa, misumeno, nyundo, patasi, drili. Kila kimoja kazi yake ni kupunguza. Nikikivunja chuma kile, mama atavunjika. Nikikizika, kutu itakila. Nikikiacha kilivyo ni kazi ambayo haijaisha, na kazi ambayo haijaisha mwenyewe atakuja kutafuta wa kuimalizia. Na hata kikiwa kisu mikononi mwangu, kisu hunolewa, na kila ukikinoa unakipunguza.

Nilirudi ndani nimechoka, nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Mbele yangu kulikuwa na gauni jipya la mama, pindo limekunjwa nusu. Nililaza pindo kwa ukucha kama ninavyofanya kila siku, ukucha ukauma, nikakumbuka kwamba siku nyingi nimekuwa nikijiahidi kifaa cha kulazia pindo. Kipande cha chuma bapa. Upande mmoja umeteremka, uweze kupita chini ya mkunjo. Upande wa pili umenyooka kabisa. Kiwe baridi. Kisiwe na makali, kisije kikakata nguo...

Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

Sikutoboa tundu la mpini, sikugusa hata kwa msasa laini. Nilichukua kilichobaki cha gauni lile kuukuu, nikakata utepe, nikauviringisha kwenye shina la chuma, nikaukaza kwa uzi mnene na kufunga fundo. Nilipaka mafuta. Nilikuwa ndiyo kwanza naweka chupa chini wakati mashine ya msasa, kule kibandani, ilipowaka.

Waya wake nilikuwa nimeuchomoa. Nilikuwa nimeuzungushia shingoni mwangu kama futi ya kupimia.

Nilitoka nikiwa na chuma mkono mmoja na gauni mkono mwingine. Alikuwa amesimama kando ya mashine, mkanda unazunguka, ile harufu imejaa kibanda kizima.

"Umebakiza upande," alinong'ona.

"Sijabakiza kitu. Imekwisha."

"Upande mmoja si kisu."

"Nani kasema ni kisu?" Nililaza gauni mezani, nikapitisha chuma juu ya pindo taratibu. Lililala safi, limenyooka. "Ni cha kulazia pindo. Upande mmoja ndio wake. Hakinolewi. Kimekwisha."

"Niliagiza kisu."

"Basi kisu chako sijakitengeneza. Nenda kamsubiri atakayekutengenezea. Hiki ni changu, nimekifunga kwa mkono wangu."

Alinyoosha ule mkono laini. Nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya. Lakini nilikumbuka bangili kwenye beseni, nikabaki pale pale.

"Gusa uone," nilisema. "Gusa!"

Mkono ulisimama juu ya chuma. Ulikaa pale muda mrefu. Kisha mkanda ukakatika wenyewe, paa, na kibanda kikawa kimya.

"Kile kitambaa," aliuliza polepole, "kilikuwa cha nani?"

Nilifunika ule utepe kwa kiganja.

"Nilidhani ni chako, fundi. Nilikukusudia wewe."

Akageuka kuondoka. Kola ya shati ilikuwa imeshuka kidogo, na taa ilimpiga kisogoni. Nikaona.

Mistari miwili. Myembamba, inaandamana, inashuka ndani ya shati.

Hiyo yake ilikuwa ya zamani, imekauka. Kuna mtu aliwahi kumchora yeye, kwenye chuma kama hiki, na hakuanza kusaga.

Mama yuko hai. Upande wa kulia haukurudi, na hautarudi. Anatembea akiegemea ukuta na kuwatukana wanaomwonea huruma. Bangili ameihamishia kushoto. Anasema sasa anaokoa kitambaa, nimshonee magauni nusu bei. Mimi hucheka, halafu naenda kupaka chuma mafuta. Kila jioni, bila kukosa.

Juzi niliona kidoa. Kidogo kama mbegu ya ufuta, karibu na fundo, rangi ya hudhurungi. Asubuhi mama alikuwa mbele ya kioo, anajisugua shingoni.

"Hiki kidoa kimetoka wapi?"

"Uzee, mama."

Kutu huondolewa kwa msasa. Msasa siwezi. Nimeongeza mafuta, na ninalala nacho chini ya mto.

Lakini sikai nikisubiri. Kila jioni nafunga cherehani mapema, nazunguka kwa wauza vyuma chakavu, mafundi wa magari, watu wenye masanduku ya vifaa vya marehemu. Wanadhani natafuta springi. Natafuta cha yule mtu, kipande cha chuma bapa, rangi ya jivu, kina mistari miwili ya zamani ukingoni. Kila ninachookota nakidondosha sakafuni kwanza, nasikiliza. Vyote hulia. Siku moja kimoja hakitalia.

Mkanda mpya nimeshafunga. Na ule upande wangu mbaya, wa kushoto, siku hizi naufanyia mazoezi kila siku. Umekuwa mzuri kabisa.