Joto la Mtu

Mafundi wenzake walimwita Haraka, na jina hilo alilipenda. Mabomba ya bwawa la kuogelea ambayo wengine waliyaunga kwa wiki nzima, yeye aliyamaliza kwa siku mbili, na alijisifu kwa hilo mpaka watu wakamchoka. Jioni ile alipitia nyumba moja ya ghorofa kuunga hita ya kupashia maji ya bwawa tu, kisha arudi kwake. Bintiye wa miaka saba alikuwa amesukwa asubuhi, shanga ya bluu kwenye kila ncha. "Baba, uwahi nikuonyeshe," alimwambia.

Bwawa hilo alilifahamu. Mabomba yake aliyaunga mwenyewe miaka miwili nyuma, kisha akawa anaukwepa mtaa ule, mpaka alipoitwa yeye na si fundi mwingine. Sakafuni kulitakiwa kuwe na matundu mawili ya kufyonza maji, ili moja likizibwa jingine livute. Yeye aliweka moja. Mwezi uliofuata binti wa mwenye nyumba alipiga mbizi, nywele zake zikavutwa kwenye tundu lile... Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Haraka alikubaliana nao, tena upesi.

"Karibu, fundi," alisema mama wa marehemu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimtisha Haraka kuliko matusi. "Nataka maji yafike nyuzi thelathini na saba."

"Ni moto mno kwa kuogelea, mama. Hilo ni joto la mtu."

"Ndiyo." Akashusha sauti. "Mwanangu analalamika baridi."

Alitamani kukimbia. Lakini aibu ilimshika, akaingia chumba cha mitambo. Akaunga hita baada ya chujio, na mtambo wa klorini mwisho kabisa, kama inavyotakiwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuharakisha. Akawasha. Pampu ikakohoa, ikanguruma. Kipimajoto kilichopaswa kupanda kwa siku nzima kikaanza kukimbia. Thelathini. Thelathini na tatu...

Harufu ya klorini ikapotea. Ikaja ya mafuta ya nywele.

Thelathini na saba.

Tik. Tik. Kitu kiligonga ndani ya pampu. Haraka akainama kwenye kifuniko chake cha kioo, penye kikapu cha kunasia takataka.

Shanga ya bluu.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe. "Baba watoto, njoo! Mtoto alisinzia kwenye kochi, sasa amelowa chapachapa. Nywele zimefumuka upande mmoja. Ananuka dawa ya bwawa..."

Haraka akarukia swichi, akazima. Kimya.

"Hapumui!" mkewe akapiga kelele. "Mungu wangu, hapumui!"

Akawasha. Pampu ikanguruma, na kwenye simu mtoto akakohoa, akavuta pumzi ndefu.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. "Mganga aliniambia wangu hatarudi," alinong'ona. "Alisema ninachoweza kumpa ni joto, na mwenzake wa kucheza naye. Na kwamba lazima hita iungwe na mkono uleule ulioyaunga mabomba ya kwanza. Sikuuliza mwenzake atatoka wapi."

Nyuma yake, bwawani, miguu ilikuwa ikipigapiga maji. Miguu minne, kwa sauti yake. Haraka hakuthubutu kutazama.

"Waache," alisema mama yule. "Hata mimi siwatazami."

Mwaka umepita. Bintiye anakula, anasoma, anacheka, ila nywele zake hazikauki. Haraka analala chumba cha mitambo. Ameweka jenereta, na umeme ukikatika inawaka kabla pampu haijasita. Anapaka grisi, anaweka sikio. Amechoka, na anaogopa kila saa ya kila siku.

Pampu haidumu milele. Kuibadilisha ni lazima uizime, na hata kuunga nyingine pembeni ni lazima ukate bomba. Kwa fundi wa kawaida ni kazi ya saa nzima. Haraka amenunua mabomba ya mazoezi, na kila siku anaunga na kufungua, anaunga na kufungua, saa mkononi. Ameshuka mpaka dakika kumi na moja.

Tangu juzi haendi chini ya hapo.

Na leo asubuhi beringi ya pampu imeanza kulia.