Daktari Bingwa na Kishale Kilichogoma

"Ijulikane kwa wakazi wote wa bweni hili, wakubwa kwa wadogo, wenye viatu na wenye ndala moja," alitangaza Bingwa akiwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, "kwamba leo saa nne Daktari Bingwa wa Kompyuta atawatibu wagonjwa wote wa umeme, bila kujali..."

Ndoo ikateleza. Daktari akatua kwenye tambara lake mwenyewe la kupigia deki.

"Daktari, anza na goti lako!" wenzake wakamtania.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya ukaguzi. Matroni hakuwa na mzaha na miguu iliyopauka, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi wasichana walijipaka mafuta mpaka wakang'aa kama sufuria mpya. Wengi waligawana kopo moja lisilo na harufu. Bingwa peke yake alikuwa na mafuta yanayonukia waridi, zawadi ya shangazi yake, na aliyachota kwa vidole vitatu kama mtu asiyejua kwamba kopo lina mwisho.

Sasa, alijuaje kwamba saa nne mgonjwa angepatikana? Ugonjwa aliutengeneza mwenyewe. Mara baada ya ukaguzi alijipenyeza katika chumba cha kompyuta, akafungua kompyuta mpakato ya chama cha sayansi, akaingia kwenye mipangilio ya kile kibao cha kugusia ambacho hufanya kazi ya kipanya. Akazima uwezo wa kufungua kitu kwa kukigonga kwa kidole. Basi, hakuvunja kitu. Mashine ingegoma, watu wangepiga kelele, naye angeingia kwa mikogo, awashe alichokizima, na apigiwe makofi mpaka likizo.

Kitu kimoja hakukipigia hesabu. Mpakato ule siku hiyo ulikuwa wa Sisimizi, rafiki yake wa kitanda cha chini, msichana mdogo wa umbo aliyepima udongo wa bustani ya shule kwa miezi mitatu, jua na mvua. Saa nne na nusu angewaonyesha wageni wa shule kazi hiyo. Tena shule ilikuwa na sheria ngumu: mpakato ukiharibika, wa kuulizwa ni aliyetia saini ya mwisho katika daftari la watumiaji, naye husimamishwa kuutumia muhula mzima. Saini ya mwisho, ya jana yake alasiri, ilikuwa ya Sisimizi.

Saa nne Sisimizi aligonga kibao mara moja. Akagonga tena. Picha hazikufunguka, na kishale cha kwenye skrini kiliruka kona hadi kona kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Hakisikii!" akalia.

"Kipigie simu," mmoja akamjibu, na darasa likacheka.

Bingwa akaingia amejifunga shuka jeupe. "Tupisheni! Mgonjwa anahitaji hewa."

"Bingwa, acha mchezo, dada yangu. Nina nusu saa tu."

Kishale kile kilimshtua Bingwa kidogo, maana kuruka hakukuwamo katika mpango wake. Kwa taabu akafika kwenye mipangilio, akawasha alichokizima. "Pona!" akaamuru, akagonga. Kimya. Akaongeza wepesi wa kibao mpaka mwisho. Kishale kikazidi wazimu. Akazima mashine, akaiwasha. Wapi! Jasho likamtoka daktari kabla ya mgonjwa kupata nafuu.

Ndipo Mwalimu wa Sayansi, aliyekwisha kupashwa habari, alipoingia na daftari mkononi, nyuma yake Fundi wa shule, mzee aliyetengeneza kila kitu kuanzia bomba hadi kengele.

"Saini ya mwisho ni ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Yangu, mwalimu." Sauti ya Sisimizi ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Sheria unaijua. Kundi la pili la chama litaonyesha kazi yake badala yako."

Sisimizi hakulia. Alianza kukusanya karatasi zake, akizilinganisha pembe kwa pembe. Bingwa alitamani angelia.

Fundi hakutoa bisibisi. "Mimi huanza na maswali," alisema. "Nani kaigusa, na kagusa nini?"

Fundi akauelekeza mpakato kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya kibao, akakinusa. "Mafuta. Kibao hiki hutambua ngozi. Kikipakwa mafuta kinachanganyikiwa, hakijui kidole kiko wapi. Na haya... yananukia waridi."

Pua zote zikageukia upande mmoja. Sisimizi naye alitazama huko, kisha akainamisha kichwa. "Labda ni mimi, Fundi. Huwa ninaazima mafuta ya Bingwa."

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi kabisa. Bingwa angepita tu.

"Si kweli!" akasema, shuka likimwanguka kutoka mabegani. "Hajawahi kuazima kwangu hata siku moja. Huwa ninamnyima. Ni mimi, mwalimu. Niliharibu ili nije kutengeneza."

Fundi alisugua kibao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu. "Ulizima nini?"

"Kugonga. Nimeshawasha."

"Na wepesi?"

"Nimeuongeza mpaka mwisho."

"Nenda kanawe mikono kwa sabuni, uikaushe, uurudishe wepesi katikati."

Bingwa akafanya hivyo. Sisimizi akagonga mara moja, na picha ya kwanza ya udongo ikafunguka, nyekundu na nzuri. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

"Mwanangu," Fundi alimwambia Bingwa, "mashine ikigoma, kifaa cha kwanza ninachohitaji ni ukweli. Ukinificha, nitafungua hata pasipo na kosa. Leo ungenyamaza, tungemwadhibu huyu mdogo wako asiye na kosa."

Mwalimu akafuta jina moja daftarini, akaandika jingine. Akahukumu: Bingwa hatagusa mpakato muhula mzima, ila kusafisha vibao vyote kila Ijumaa. Na aandike kisa hiki kwa ajili ya madarasa ya chini, bila kujisifu.

Ndicho hiki. Mwandishi alidhani akijificha nyuma ya jina la utani hakuna atakayemjua. Lakini Sisimizi, aliyepewa kazi ya kukihakiki, aliinua ukurasa wa kwanza hadi puani tu.

"Waridi," akasema.

Haya, nimeshikwa tena. Bingwa ni mimi. Na lile kopo, siku hizi tunagawana.