Mapigo Matatu na Pumziko

Ngozi-nuru haipakwi wala haibandikwi. Gari linaivaa lenyewe. Gwantwa, fundi wa taa za magari, aliiweka juu ya boneti ikiwa imekunjwa kama chapati, akaigusa kwa kalamu ya umeme, nayo ikaanza kutambaa. Ilishuka milangoni, ikazunguka magurudumu, ikajipenyeza mpaka uvunguni, na baada ya dakika tatu gari zima lilikuwa likipumua mwanga wa zambarau. Mapigo matatu, pumziko. Mapigo matatu, pumziko.

Mwenye gari aliitwa Ambonisye, muuza viazi wa jumla aliyependa vitu vinavyong'aa kuliko viazi vyenyewe. Alilizunguka gari lake mara mbili, akasema fundi ametisha, akaingia na kuondoka.

Tuseme kweli, taa zile hazikuwa na kazi yoyote. Magari ya Mbeya yalikuwa na miaka kumi na mitano yakijiendesha. Yaliambiana nia zao kwa mwanga, na Mratibu, akili ya mashine iliyokabidhiwa barabara zote za jiji, aliusoma mwanga huo na kuamua nani apite na nani asubiri. Taa za Gwantwa zilikuwa pambo tu. Lakini mtu ukishamnyang'anya usukani, atataka angalau gari lionekane lake. Ndivyo tulivyo.

Balaa lilianzia njia panda. Ambonisye alipofika, magari yote yalisimama, ya kushoto, ya kulia na ya mbele, yakafifisha taa zao mpaka alipopita. Alimpigia simu Gwantwa akicheka mpaka akakohoa. Gwantwa hakucheka. Alijua palepale alichofanya.

Mapigo yale hakuyabuni yeye. Aliyasikia tangu utotoni, mama yake, Bi Subilaga, akiyagonga mezani kwa vidole huku akisubiri chai ichemke. Bi Subilaga alikuwa mhandisi. Mwaka ule magari yalipoanza kujiendesha, alifiwa na mumewe. Msafara wa mazishi ulipotoka, magari ya watu yaliukata vipandevipande, kwa sababu mashine hazikuona msiba, ziliona tu magari kumi na mawili yanayojikokota. Nusu ya ndugu walifika makaburini kaburi limeshafukiwa. Mjane alifuta machozi, akaketi na mashine. Alihangaika miaka miwili mpaka akamfundisha Mratibu adabu ya kwetu: msiba ukipita, unasimama. Mbele ya jeneza iliwekwa taa nyeupe yenye mapigo matatu na pumziko, na kila gari lililoiona lilisimama na kufifisha taa zake. Watu wakaiita Taa ya Msiba.

Gwantwa alidhani akibadili rangi amebadili kitu. Kumbe Mratibu hasomi rangi. Anasoma mapigo.

Angeiondoa siku ileile. Naam, angeiondoa. Lakini kesho yake asubuhi gereji yake pale Mwanjelwa ilikuwa na foleni, na hakuna aliyesema anataka taa ya msiba. Wote walitaka "ile ya zambarau". Akajiambia magari machache hayadhuru. Siku ya kumi alikuwa ameshavisha magari arobaini.

Nyumbani ndiko kulikomchoma zaidi. Moyo wa Bi Subilaga ulikuwa umechoka, na kitanda chake kilisogezwa dirishani ili aitazame barabara kuu. Daktari alimkataza kusimama bila mtu wa kumshika. Jioni ile Gwantwa alimkuta amesimama, kanga kaifunga kiunoni, kang'ang'ania nondo za dirisha huku akihema. Chini, magari yalikuwa yamesimama na zambarau inapita.

"Huyu ni wa kumi na moja leo," mama akasema. "Mwanangu, kuna ugonjwa gani mjini ambao hamniambii?"

Gwantwa akasema hakuna ugonjwa, mama alale. Mama akauliza, sasa wanaozikwa ni akina nani, na taa yake nani kaibadili rangi. Gwantwa akasema ataulizia. Alipomfunika aliiona miguu yake, imevimba kwa kusimamasimama. Akataka kushusha pazia, mama akakataa. Alisema hawezi kulala chali wakati mtu anapelekwa kuzikwa.

Tangu hapo Gwantwa hakutulia. Uji uliungua jikoni naye yupo. Aliwapigia wateja mmojammoja, akiwaomba walete magari awabadilishie mapigo bure. Walikuja saba. Ambonisye alimjibu kwa upole kabisa, dada yangu, heshima mtu akishaionja hairudishi.

Siku ya tatu alishindwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza mama yake yote, tangu gari la kwanza. Vidole vya Bi Subilaga vilikuwa vikigonga shuka, vikaacha katikati.

"Kwa hiyo nilikuwa nawasimamia wauza viazi," akasema. Akacheka kidogo, halafu akalia. Gwantwa alitamani achapwe kama zamani, lakini mama alimshika tu kiganja. "Mratibu nimemfundisha mimi, namjua. Akigundua anadanganywa, hatatofautisha mkweli na mwongo. Ataacha kuamini kabisa."

Mratibu aligundua wiki ileile. Tangazo lake lilikuwa fupi: ishara ya mapigo matatu imefutwa kwa sababu ya matumizi mabaya, na maombi ya ishara mpya yatajibiwa baada ya miezi sita. Bi Subilaga hakuwa na miezi sita. Alifariki siku ya nne baada ya tangazo, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Msafara ulitoka saa nane mchana. Ndugu walisisitiza taa nyeupe iwashwe mbele ya jeneza, kwani ilikuwa yake. Njia panda ya kwanza hakuna gari lililosimama. Lori la saruji liliingia kati ya jeneza na gari la shangazi, likafuata jingine, na jingine. Nyuma ndugu walianza kupotea, vilevile kama walivyopotea siku ya baba.

Gwantwa, aliyekuwa ndani ya gari la jeneza, aliyaona hayo kupitia kioo cha nyuma. Akaliamuru gari lisimame, akashuka. Lipo jambo moja ambalo mashine hairuhusiwi kulisahau: mtu akiwa barabarani kwa miguu, gari linasimama. Akakaza kanga, akarudi mpaka katikati ya njia panda, akanyoosha mikono yote miwili. Magari yakasimama. Halikuwa jambo la heshima, ilikuwa sheria tu. La mbele kabisa lilikuwa la zambarau.

"Mtembea kwa miguu, tafadhali pisha njia," likasema kwa sauti ya kistaarabu.

"Nazika," Gwantwa akalijibu.

Likarudia maneno yaleyale. Ndani yake Ambonisye aliinua uso, akaliona jeneza, akamwona na fundi wake. Akafungua mlango. Alivua kofia, akaja akasimama kando yake na kunyoosha mikono kama yeye. Gwantwa hakumshukuru. Mbele yao gari liliendelea kupiga zambarau.

Magari ya ndugu yalipojikusanya tena, Gwantwa hakurudi ndani. Alitangulia mbele ya jeneza kwa miguu mpaka njia panda iliyofuata, akasimama, akanyoosha mikono. Zilikuwa njia panda tisa. Katika kila moja alipiga kiganja kwenye paja mara tatu, akapumzika, akapiga tena, mpaka gari la mwisho lilipovuka. Walifika makaburini jua linakuchwa, wamechelewa sana, na mchungaji alikuwa ameshachoka kungoja. Lakini alipouliza kama wapo wa kusubiriwa, shangazi alihesabu watu, akasema hapana, safari hii tumefika wote.